Kadi Ndani ya Mtungi wa Mbegu

Uvumi ule Lois aliusikia kwenye mashine ya kusaga pale kijijini Idsowe: ati saratani ikiguswa na kisu hukasirika, ikatawanyika mwili mzima.

"Mama Gershom, yule bwana wa kijiji cha Chara si alikwenda hospitali kwa miguu yake?" Halima, muuza maziwa, alimwambia. "Wakampasua. Akarudi ndani ya sanduku."

Maneno hayo yakamganda. Akipika yapo, akisali yapo.

Gershom, mwanawe wa pekee, alikuwa akitoka damu chooni mwaka mzima. Aliona aibu, akasema ni bawasiri tu. Alipopimwa ikawa saratani ya mwisho wa utumbo, na ilikwisha kutupa madoa matatu kwenye ini. Daktari hakukata tamaa. Dawa za mshipani kwanza, madoa yanywee, kisha ndani ya wiki sita tangu dawa ziishe apasuliwe, utumbo na kipande cha ini chenye madoa. "Ini litakalobaki litakua," alisema. "Lakini msipitishe hizo wiki."

Madoa yakanywea kweli. Siku ya kupasuliwa ilipokaribia, Lois aliichukua kadi ya kliniki akaitumbukiza ndani ya mtungi wa mbegu za mpunga. Nyumbani kwao mbegu ni za mama, hakuna mwingine anayezigusa. Simu ya kupigiwa na hospitali nayo ilikuwa kwake.

"Hospitali wamepiga," alimwambia mwanawe. "Siku imesogezwa mbele. Kunywa hii mizizi kwanza, upate nguvu."

Gershom akanywa, uso umekunjamana. "Hii ikishindwa kuniua, saratani haitaniweza, mama."

Mto ukapungua, ukaacha tope shambani. Gershom alitaka kumsaidia kupanda kabla tope halijakauka, basi akatia mkono mtungini mwenyewe. Akatoka na kadi. Aliisoma tarehe, akamgeukia mama yake.

"Mama, mpunga unaijua siku yake. Mimi je?"

Wiki ilikuwa ya kumi na moja. Walipofika hospitali macho ya Gershom yalikuwa ya manjano, na picha ilionyesha madoa pande zote mbili za ini.

"Leo nikikata," daktari alisema, "sitabakisha ini la kumtosha kuishi."

"Kata langu umpe."

"Kwa hali yake hii haiwezekani, mama. Tutarudia dawa, tuone."

Pale wodini ndipo mjane wa yule bwana wa Chara, aliyekuja kumuuguza dada yake, alipomwambia kwamba mumewe hakupasuliwa kamwe. Alichelewa kufika.

Gershom bado yuko kwenye dawa, amebaki mifupa. Lois hamkuti mama mwenzake njiani bila kumsimamisha na kumwambia haya:

Usiite damu ya chooni bawasiri kabla haijapimwa.
Usimpe mgonjwa mizizi bila daktari kujua.
Usifiche kadi.
Usimdanganye mgonjwa kuhusu siku yake, hata kwa mapenzi.
Ukiogopa kisu, usikae na hofu yako kwenye mashine ya kusaga. Mpelekee daktari, tena kabla wiki hazijapita.