Waliomtafuta Bu Mirah

Ngadiman alisoma mstari wa kwanza wa karatasi aliyopewa, akaurudia kwa kidole, neno kwa neno, kama alivyofundishwa kabla hajaacha shule darasa la nne. Akakaa juu ya boksi la biskuti lililokuwa tayari kwenda Surabaya, likabonyea.

"Pak, hilo boksi la watu!" Tarjo, mfungaji mizigo mwenzake, alimpigia kelele. "Kama unataka kusafiri si useme, tukubandike stempu?"

Ghala zima likacheka. Yeye hakucheka.

Karatasi ililetwa na Mbak Ratri, binti aliyeajiriwa wiki ile kurekebisha kisanduku cha kutafutia bidhaa kwenye duka lao la mtandaoni. Alichapisha maneno yote ambayo wateja waliyaandika humo wakajibiwa hakuna kitu, akawagawia wafungaji, maana wao ndio wanaozijua bidhaa kwa kuzishika. Juu kabisa, mbele ya yote: Sambal Bu Mirah. Mara 3,112.

"Mbak," Ngadiman alisema. "Hii namba ni ya nini?"

"Ni mara walizomtafuta, Pak. Kwa miaka mitatu. Huyo mama kiboko, kawapita wote! Unamjua?"

"Mke wangu."

Kila mtu ghalani, isipokuwa binti huyo mgeni, alijua kwamba Bu Mirah alizikwa miezi saba iliyopita.

Miaka miwili nyuma, bosi Hendarto alimrudishia Bu Mirah makatoni yake mawili ya chupa za sambal, yaani pilipili ya kusaga, akamwambia mbele ya mumewe: "Samahani, Bu, hakuna anayeitafuta." Mama wa watu akaitikia kwa adabu, akayabeba. Alipofika nyumbani aliliegemeza jiwe lake la kusagia nje, karibu na banda la kuku, na hakuligusa tena. Hakufa kwa hilo. Figo ndizo zilizomuua, na Ngadiman hakuwa mtu wa kusingizia. Lakini aliondoka akiamini kwamba watu wameuchoka mkono wake.

Na kumbe! Ofisi ya juu, yenye kiyoyozi, ndiyo iliyoipa bidhaa jina: Pilipili ya kusaga yenye uduvi, gramu 150. Kisanduku kilitazama maneno hayo tu. Bu Mirah alikuwa kwenye lebo, ndani ya picha, ambako mashine haisomi. Sasa ni nani hapa mjini Salatiga anayeagiza chakula kwa gramu? Watu huulizia mkono wa mtu: tempe ya Pak Kromo, wali wa Yu Tinah. Hata kuku wa hapa wanalijua hilo. Ni wakubwa tu wasiolijua, na wakubwa ndio wanaoandika.

Hendarto aliposhuka alikuwa ameshaambiwa.

"Pole sana, Pak Ngadiman. Haya ni mambo ya data."

"Data ulikuwa nayo wewe, bosi. Miaka mitatu."

"Hakuna aliyeifungua."

"Kwa hiyo ulimwambia mke wangu vile bila kufungua?"

Bosi akaamuru kasoro irekebishwe siku ileile.

Kabla ya sala ya alasiri wakamwita Ngadiman kwenye kompyuta. Hendarto mwenyewe alimvutia kiti, wafungaji wakazunguka. "Andika, Pak. Uone heshima tuliyompa."

Ngadiman akatafuta herufi moja moja. Akabonyeza.

Zikatokea chupa kumi na mbili za pilipili, vifuniko vyekundu, zote za kiwandani. Juu yake: Matokeo ya Sambal Bu Mirah.

Alihisi kama aliyefukua kaburi akakuta mtu mwingine kalala humo.

"Si unaona?" bosi alisema kwa furaha. "Sasa hakuna mteja atakayeondoka mikono mitupu."

"Huyu siye."

"Pak, Bu Mirah hayupo tena. Mteja anataka pilipili..."

"Angetaka pilipili angeandika pilipili!" Sauti ilimtoka yenyewe, hakuwahi kumpazia bosi sauti tangu aanze kazi. "Walimtaka yeye! Mlimficha akiwa hai, leo mnampa mwingine jina lake?"

Tarjo akaweka mkasi chini. "Mimi chupa hizo sifungi," alisema. "Pilipili ya yule mama nimeila." Mkasi mwingine ukawekwa mezani, kisha mwingine.

"Sasa mnataka niandike nini?" Hendarto aliuliza. "Duka si mahali pa kutangazia vifo."

"Andika ukweli," Ngadiman alisema.

Ratri hakungoja ruhusa. Chupa zikafutika. Akaandika, naye Ngadiman akafuata kwa kidole kwenye kioo: Bu Mirah amefariki. Pilipili yake haipo tena. Asante kwa kumtafuta.

Bosi alitaka kukataa, akaitazama ile mikasi, akayaacha maneno yabaki.

Pembeni namba ya waliomtafuta ilikuwa 3,113, pamoja na ile mara ya Ngadiman mwenyewe. Akiwa bado anaitazama, ikageuka. 3,114.

"Umebonyeza wewe, Mbak?"

"Hapana, Pak. Ni mteja. Yuko Magelang."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi hii."

Ngadiman alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Amesoma?"

Ratri alisogea karibu na kioo. "Bado yupo kwenye maneno hayohayo," alisema. "Hajaondoka."