Hina ya Filfil

Mtu mwenye bunduki aliniambia nimweke mbwa chini. Hakufoka. Alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka, anayetaka kumaliza kazi akapumzike, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, maana mwenye hasira huenda angepoa.

"Muweke chini, binti. Sogea ukutani, ufumbe macho."

Nilimkumbatia Filfil mpaka akalia. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, miguu mitupu, na milango yote ya uchochoro wetu mjini Radesi ilikuwa imefungwa. Milio niliyoisikia tangu asubuhi nilidhani ni fataki za watoto wenye haraka ya Idi. Kumbe mbwa wa mitaani walikuwa wanapigwa risasi na watu wa manispaa.

Baba ndiye aliyemleta Filfil, kutoka kwa Faten, daktari wa mifugo aliyekuwa akiokota watoto wa mbwa waliotupwa. Huyu alikutwa kando ya reli, ndugu zake wote wamekufa. Alikuwa chotara: mama yake wa mtaani, baba yake labda mbwa wa kuwinda, kwa jinsi masikio yalivyomzidi kichwa. Kaka yangu alikuwa amevuka bahari kwenda Italia, na chakula cha jioni tulikuwa tunakila kama watu wa msibani. Baba alitaka kitu cha kutuchekesha.

Bibi Jannet, mama yake baba, hakucheka.

"Ridha, umerukwa na akili? Nyumba ninayosalia?"

"Ni mtoto tu, mama."

"Hata mbu ni mdogo."

Mwishowe alitoa hukumu. Mbwa akae juu ya paa letu tambarare pamoja na kondoo wa Idi, asikanyage ndani, na siku kondoo atakapoondoka, naye aondoke. Baba alikubali, akitumaini moyo wa bibi utalainika. Mimi nilimjua bibi. Kila nilipopanda kuwalisha, nilimkuta Filfil amelala kwenye manyoya ya kondoo, na roho iliniuma.

Siku ya Arafa nilitumwa mkaa. Niliporudi, nilivua viatu mlangoni nikapanda paani. Kondoo alikuwa ameshapakwa hina kwenye paji, kama bibi alivyofanya kila mwaka. Pembeni yake alikaa Filfil, na katikati ya macho yake lilikuwa donge lile lile la hina, bado bichi.

Kwetu hina ya siku ile hupakwa mnyama mmoja tu, na huyo hafiki jioni ya Idi. Sikuuliza kitu. Nilimbeba Filfil nikashuka mbio, nimrudishe kwa Faten kabla hawajamwondoa kwa njia yao. Bibi aliniita kutoka jikoni, "Emna! Emna, usitoke!" Nikazidi kukimbia, na kwenye kona nikakutana na gari na mtu mwenye bunduki.

"Binti, sirudii tena," alisema.

Ndipo nikasikia kandambili za bibi. Alikuja bila shuka yake nyeupe ya kutokea, kichwa wazi, jambo ambalo sikuwahi kuliona maishani mwangu. Vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa hina. Alijiweka kati yangu na bunduki, akihema.

"Shusha hilo bomba lako."

"Hajati, tuna amri. Mbwa asiye na mwenyewe..."

"Una macho wewe, au matundu? Mtazame usoni. Mbwa wa mtaani anapakwa hina na nani?"

Mwenzake ndani ya gari akaangua kicheko. "Mwache, Slah! Huyo kesho anachinjwa!"

Slah hakucheka. Bunduki ilikuwa bado juu. "Niambie wewe, Hajati. Ni wako?"

Bibi alikuwa amefunga Arafa, na hakuwa mtu wa kusema uongo hata siku aliyokula. Nikajua tumekwisha.

"Wangu," alisema.

Tulirudi nyumbani. Filfil alivuka kizingiti akaingia sebuleni, akazunguka, akalala chini ya kiti cha bibi. Bibi alimtazama, akakunja mkeka wake wa kusalia na kuupeleka chumba cha pili.

"Usidhani nampenda," aliniambia. "Hina ilibaki. Ulitaka niimwage?"

Miaka kumi na miwili imepita, na bibi hayupo. Leo ni Arafa, na bakuli lake la hina liko mapajani mwangu. Nachanganya kama alivyonifundisha: kondoo mmoja, kiganja kimoja, isibaki hata ya kupaka ukucha. Filfil, mzee sasa, amelala chini ya kile kiti. Nimeshamimina kiganja cha kwanza. Naongeza cha pili, cha Filfil.