Divai ya Mavuno ya Mwisho ya Baba

Paa la ghala la zamani lilibomoka mwezi Machi, theluji ilipoanza kuyeyuka. Orrin Thayer alikuwa akiondoa mbao zilizooza alipoziona chupa. Zilikuwa zimelala ukutani, nyeusi kwa vumbi, zikiwa na vifuniko vya bati kama vya soda. Maana yake hazijawahi kuondolewa mashapo, ile chachu iliyokufa inayotua ndani ya chupa. Kwenye kitako cha kila chupa palikuwa na mstari wa rangi nyeupe wa kuonyesha chupa imezungushwa kiasi gani, nao ulipinda kushoto.

Mkono ule aliujua. Wendell, mdogo wake, alipaka rangi hivyo tangu utotoni, na baba alimgombeza mpaka akachoka.

Ilikuwa divai ya mapovu ya mavuno ya mwisho ya baba yao. Ilikuwa imelala juu ya mashapo yake miaka arobaini. Katika mashamba yote ya mizabibu pembezoni mwa Ziwa Keuka, Orrin hakumjua mtu mwenye divai ya umri ule.

Baada ya mazishi ya baba, Wendell alitaka wauze shamba. Orrin alimwambia anayeuza mizabibu ya baba si mtoto wa baba. Wendell akahamia Ohio. Tangu hapo ni kadi ya Krismasi tu, nayo miaka mingine haikuja.

Jioni ya siku aliyoziona chupa, Orrin akampigia simu.

"Nani kafa?" Wendell akauliza.

"Hajafa mtu, mpumbavu wewe. Nimeziona chupa zako."

Akamweleza. Wendell akacheka. "Na ule mstari wangu mbovu upo?"

"Upo. Baba alisema kweli, unapaka kama mlevi."

Kicheko kikakatika. "Zigeuze kwanza, kaka. Zikiwa tayari, niambie."

Orrin akazipanga kwenye mbao zenye matundu, shingo chini, na kila asubuhi akazizungusha kidogo kidogo ili mashapo yashuke kwenye kifuniko. Viganja vilimuuma, lakini kwa mara ya kwanza tangu mkewe afariki alikuwa na sababu ya kuamka. Mwezi Mei akapiga simu. Wendell akasema atakuja Jumapili, saa sita mchana.

Kwa watu wa kazi hii, mgeni hukaa kwanza, ndipo chupa hufunguliwa. Divai ya zamani ikishaondolewa mashapo huzeeka upesi, kama mtu aliyetoka hospitali akarudishwa shambani siku ileile. Orrin aliijua sheria hiyo kuliko sala. Lakini Jumapili saa nne alikuwa amekwishanyoa na kutandika meza, na hofu ikamwingia. Je, kama imekufa? Wendell asafiri kutoka Ohio aje kunywa siki?

Akashika chupa kichwa chini, akaiinua huku akibandua kifuniko. Mashapo yakaruka sinkini kwa kishindo. Akaziba mdomo wa chupa kwa dole gumba, akamimina, akaonja.

Ilikuwa hai. Ilikuwa na ladha ya mkate uliotoka jikoni na ya tofaa lililokaa ghalani majira yote ya baridi, na mapovu yake yalipanda polepole bila haraka. Orrin alisema kwa sauti, "Mungu wangu," akageuka. Jikoni hapakuwa na mtu.

Simu ikalia.

"Kaka, siji," Wendell akasema. "Hujaifungua, sivyo?"

Orrin akaitazama glasi mkononi. "Bado."

"Afadhali. Nilipaswa kukuambia tangu mwanzo. Mimi nimeacha pombe. Mwaka wa kumi na mbili huu. Niliogopa nikija nitakunywa, na nisipokunywa utasema mimi si mtoto wa baba."

Orrin akavuta kiti, akakaa. Miaka kumi na miwili, na yeye hakujua hata kwamba kulikuwa na kitu cha kuacha.

"Sasa unakunywa nini?"

"Chai. Kahawa nayo daktari kanikataza."

"Basi njoo unywe chai."

"Nitaona, kaka."

"Jumapili ijayo."

"Nimesema nitaona."

Simu ikakatwa. Orrin akainywa ile divai peke yake, taratibu, kwa kuwa kuimwaga kungekuwa dhambi. Hakuwahi kunywa nzuri kama ile, na hakuwa na wa kumwambia.

Kesho yake akaenda dukani. Nyumbani kwake hapakuwahi kuwa na chai. Akasimama mbele ya rafu, maboksi mekundu, ya kijani, ya njano.

"Unamnunulia nani?" mwenye duka akauliza.

"Ndugu yangu."

"Anapenda ipi?"

Orrin akanyoosha mkono kwenye rafu. Akachukua boksi moja la kila aina.