Mzigo Usiotajika

Jaribio la tatu la bomu lilipolipuka ng'ambo ya mpaka, sahani zangu zililia kabatini. Binti yangu, aliyeolewa karibu na huko, akapiga simu: kisima chao kimetoa maji mekundu, wameambiwa wasiyanywe, naye ananyonyesha. Jioni redio ikasema mataifa yamekutana na yamesikitishwa sana. Nikaizima. Baada ya jaribio la pili yalisikitishwa vilevile.

Asubuhi nikamkuta shemeji yangu uani anafunga turubai juu ya lori. Lori hilo alilimiliki pamoja na marehemu mume wangu, na sehemu ya marehemu sasa ni yangu. Mzigo ulikuwa mabomba ya chuma, manene kama mapipa. Nikauliza yanakwenda wapi. Akasema ng'ambo, kwa mteja wa zamani. Nikamgeukia dereva wetu, tunayemwita Kobe kwa jinsi anavyoendesha, nikamuuliza mteja huyo ni nani. Kobe akatazama viatu vyake, akasema safari iliyopita mzigo ulipokelewa na wanajeshi, kulekule wanakochimba mashimo ya kulipulia mabomu.

Serikali yetu imeshapiga marufuku kuwauzia chuma wale watu. Shemeji alilijua hilo kuliko mimi. Ndiye aliyekuwa akiwatukana mbele ya televisheni mpaka mate yanamruka.

"Shemeji, mataifa makubwa yanawauzia kwa mlango wa nyuma," akaniambia. "Kilori kimoja kitaongeza nini?"

"Haba na haba hujaza kibaba. Hata kibaba cha sumu."

Akacheka, akasema nimeanza mahubiri kabla ya chai. Kisha akanigusa penye kidonda: mimi mcha Mungu gani, ninayetaka watu wa kule wakatiwe biashara wafe njaa? Nikamwambia ashushe chuma apakie unga, nitaliombea lori hilo mpaka liote mabawa. Watu wa kule sina ugomvi nao. Mtoto wa kule naye anakunywa maji ya kisima.

Kwetu lori halitoki bila kuombewa. Marehemu ndiye aliyeanzisha: mmoja wa wenye lori anaweka mkono juu ya boneti, anataja kwa sauti mzigo ni nini na unakwenda kwa nani, kisha anaomba safari njema. Alikuwa akisema huwezi kumwomba Mungu akulindie kitu unachomficha. Tangu afariki, kazi hiyo ni yangu. Siku hiyo nikakunja mikono kifuani.

"Basi nitaomba mwenyewe," shemeji akasema. Akaweka mkono kwenye boneti. "Ee Mungu, tunakwenda na mabomba... ya maji..."

"Bosi," Kobe akamkatiza, "sema kweli. Wewe unabaki hapa, mimi ndiye nitakayekuwa ndani."

 Nilimwonea shemeji huruma kidogo, maana bega lake ndilo lililobeba jeneza la mume wangu. Akauondoa mkono. Nikadhani yameisha.

Hayakuisha. Akapiga simu, na kabla jua halijawa kali lori jingine likaingia uani kinyumenyume, likapeana mgongo na letu, wapagazi wakahamisha mabomba. Dereva wake hakuuliza kitu, alikuwa anatafuna njiti tu. Shemeji akaniambia nifurahi sasa, mikono yangu ni safi.

Hapo ndipo moyo ulipochemka. Kumbe ndivyo wanavyofanya hata wakubwa wa dunia: kila mmoja ananawa mikono yake, na chuma kinafika. Nikaikodolea macho namba ya lori lile mpaka ikaingia kichwani, nikavaa viatu vya kutokea. Shemeji akanifuata hadi barabarani, akinisihi kwamba mambo ya familia humalizwa nyumbani.

"Ya nyumbani ni watoto na sufuria, shemeji. Hili linatikisa nyumba za watu."

Kituoni, polisi wa zamu alinisikiliza bila kunikatiza, akapiga simu mpakani lori lizuiwe. Kisha akavuta karatasi, akanitazama kwa upole, akaniuliza kama nimefikiria kwamba jina la shemeji yangu nalo litaingia humo.

Nikamwambia aanze na hilo.