Boriti ya Landrova ya Anko Chong

Kutu haina haya. Iliitafuna Landrova ya Anko Chong kimyakimya miaka nenda miaka rudi, huku mwenyewe akiipaka rangi ya kijani juu na kujisifu kwamba mji mzima wa Brinchang hakuna gari lililotunzwa kama lake. Siku binti Kogila, fundi wa kuchomelea, alipolala chini yake na kuigonga boriti ya nyuma ya chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, nyundo ilizama kama kwenye papai bovu. Kilichommwagikia usoni ni kutu na mbolea ya kuku ya miaka mingi.

Watoto wa Anko Chong walikwisha kata shauri: gari liende kwenye vyuma chakavu, mzee anunuliwe pikapu mpya. Mzee akasusa kula siku mbili, ndipo wakapatana. Boriti mpya ikikaa mahali pake kabla ya lori la chuma chakavu kufika Jumamosi saa sita mchana, Landrova itaendelea kubeba kabichi. Isipokaa, inakwenda zake. Kogila aliyakubali masharti papo hapo. Tangu baba yake, fundi Ramayah, alipofariki, hakuna mkulima aliyekuwa amemletea kazi ya chesisi. Walimletea mageti na matoroli tu, na alikuwa amechoka na mageti.

Aliikata boriti mbovu kwa grinda. Kabla ya kuitupa kando aliitazama, akacheka. Yale masikio mawili yanayoshikamana na reli za chesisi hayakulingana: la kulia lilikuwa refu kuliko la kushoto kwa vidole viwili, tena limepinda.

"Aliyechomelea hii alikuwa amelewa," alimwambia Anti Moi, mke wa Anko Chong, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa akimenya njugu. Anti Moi alikuwa mtu wa kucheka hovyo, lakini safari hii aliinamia njugu zake.

Kogila akachana boksi la kabichi, akakata kiolezo kwa kufuata vipimo vya kitabu cha gari. Akakunja bati la milimita tatu, akachomelea, akasaga maungio mpaka yakang'aa. Ijumaa jioni boriti ilikuwa juu ya meza, imenyooka, na yeye akajipongeza kwa chapati nne na mchuzi wa dengu.

Jumamosi asubuhi boriti ikagoma. Sikio la kushoto lilikaa vizuri, la kulia likaning'inia hewani, halijaifikia reli. Akaipima boriti, iko sawa. Akaipima tena. Akahamisha jeki huku na huko, akailaani jeki, akamlaani na aliyeibuni. Saa nne ikafika. Anko Chong alikuwa akilizunguka gari mikono nyuma, akiitupia jicho barabara. Mwishowe alichukua futi kamba, akaipima chesisi yenyewe, mshazari kutoka pembe hii hadi pembe ile, kisha mshazari wa pili. Vipimo viwili vilivyopaswa kulingana vikakataa katakata.

"Anko, gari hili liliwahi kugonga mahali?"

"Langu? Miaka thelathini na nane sijaligonga hata kwenye mgomba. Muulize unayemtaka."

Hapakuwa na haja. Mkahawani walisikia habari hiyo kila asubuhi.

Anti Moi, aliyekuwa amerudi kwenye ndoo yake, akaziweka njugu chini. Alimwomba mumewe akae kwanza, naye akakaa juu ya tairi. Kisha akasema yote kwa mkupuo: mwaka ule mzee alipokwenda mjini Ipoh kutengenezwa meno, yeye aliliiba gari ajifunze kuendesha, akarudi nyuma kwa kishindo hadi kwenye nguzo ya lango la hekalu. Alikwenda kwa Ramayah analia. Ramayah alilifunga gari kwa minyororo, akalivuta siku mbili. Chesisi ikarudi, ila si yote, ndipo akaitengenezea boriti ya kuifuata ilivyo. Alilipwa kabichi, akaapa kutosema, na hakusema mpaka akazikwa.

"Nisamehe, baba Weng," alimwambia mumewe.

Kogila alikuwa ameshaikimbilia ile boriti kuukuu. Akaipangusa kwa kiganja. Chini ya kutu, kwenye sikio la kulia, palikuwa na mshono wa baba yake, mdogomdogo, umepangwa kama magamba ya samaki. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na nyuma ya aibu furaha ikaja tele, akawa anacheka huku machozi yanamtoka.

"Mlevi ni mimi," alisema.

Akalikata sikio la kulia la boriti yake, lile lililonyooka. Kiolezo alikitoa kwenye lile lililopinda, akakunja bati jipya, akachomelea kwa mishono midogomidogo. Saa tano na nusu aliigonga boriti mara mbili, ikaingia, akaichomelea kwenye reli.

Juu ya tairi, mabega ya Anko Chong yalikuwa yakitikisika. Walidhani analia.

"Miaka yote hiyo navuta usukani kulia," alisema alipoweza kupumua, "nikidhani ni mikono yangu imezeeka."

"Na mimi nakukanda hilo bega kila jioni," akajibu Anti Moi. "Ulidhani ni mapenzi matupu?"

Lori la chuma chakavu lilifika saa sita kasoro dakika chache. Mwenye lori akachungulia chini ya Landrova, akainuka anatikisa kichwa. "Dada, boriti yako imekwenda upande."

"Naijua," alisema Kogila, grisi mpaka kwenye kidevu. "Ni kazi ya fundi Ramayah. Mimi nimeirudia."

Anko Chong alikuwa ameshawasha gari. Alipiga honi, akamtaka mwenye lori asogee, kisha akamwambia Kogila asitoke Jumatatu, maana kaka yake yeye Chong naye ana chesisi iliyoliwa na kutu.