Mashavu wa Mwaka wa Njaa

Nimeapa sitalala, na hapo hapo kwenye benchi la wodi, jua la adhuhuri likinipiga magotini, nalala. Nalala na hasira yangu, maana hasira ndiyo iliyonileta Tanga. Mtoto wa kaka yangu Shabani amezaliwa kabla ya wakati, yumo ndani ya sanduku la kioo, mwembamba wa kuhesabika mbavu, na siku ya saba imepita bila kupewa jina. Kwenye kioo wamebandika karatasi, Mtoto wa Aziza, basi. Shabani ananiambia tungoje kwanza, dada, na mimi najua anachongoja: anaogopa kumzika mtu mwenye jina. Mkewe Aziza amegeukia ukutani, maziwa yanamkauka kwa simanzi, na ndugu hawaji tena kwa sababu hawajui wamuulizie nani. Nimewaambia aitwe Mashavu, jina la marehemu mama yetu. Mama yake Aziza amenitazama kama nimeingia msikitini na viatu. Mwantumu mwanangu, amesema, hilo ni jina la kizamani, na kwa kitoto kile ni dhihaka, utafanya watu watucheke. Sasa benchi linarefuka, linapita mlangoni, linapita getini, linakuwa barabara, nami nimeshasimama juu yake natembea, kwa kuwa nimedhamiria kulifuata jina hilo lilikoanzia, nirudi nalo na sababu zake, nione nani atanicheka.

Pembeni mwangu anatembea mtu asiye na uso. Kofia anayo, kanzu anayo, lakini kati ya kofia na kanzu pamekuwa laini kama kisogo kilichonyolewa. Namwuliza jina Mashavu lilianzia wapi. Kitendawili, anasema. Tega, nasema, maana sikuja kubembelezwa. Kuna mti umepewa jina la tunda lake kabla haujachanua. Nafikiri natembea, natembea nafikiri, barabara inanipitisha pale pale iliponipitisha, na jibu silioni. Basi nipe mji, anasema, nami kwa mazoea ya utotoni nampa Pangani, nilikozaliwa. Hapo hapo Pangani inakuja, lakini inakuja kinyumenyume kama iliyo kwenye kioo, mto upo upande usio wake, milango inafungukia kule isikofungukia, na maandishi ya madukani yanaanzia mwisho. Naita Mashavu, na mtaa mzima unaitika abee. Madirisha yanafunguka, wanatoka kina Mashavu wa kila namna, Mashavu muuza visheti, Mashavu mke wa imamu, Mashavu mkubwa na Mashavu mdogo wa nyumba moja, na nyuso hawana hata mmoja, ila mashavu tu, mawili mawili, yaking'aa mafuta ya nazi. Mama yangu yumo kati yao na simjui ni yupi, na jambo hilo linaniuma sana. Nimekupa mji, namwambia kiongozi wangu, nipe jibu. Anasema jibu limepita mbele yangu na sikuliona, kisha anaikunja Pangani kama jamvi, anaitia kwapani, ananidai mji mwingine. Nampa Muheza, nilikoolewa. Nayo inakuja kinyumenyume, machungwa yametandazwa chini ya meza badala ya juu yake, na nikiita Mashavu wanageuka wawili tu. Mmoja ananisogelea na kuninong'oneza kwamba siku hizi nimwite Mama Nasri. Wa pili anapita akifuatwa na watoto wa shule waliojaza pumzi mashavuni, wakimwigiza. Kwa nini, namwuliza Mama Nasri, si lilikuwa jina la kila nyumba? Lilikuwa, anasema, lakini tangu watu washibe limekuwa jina la kuchekwa. Muheza nayo inakunjwa, inatiwa kwapani. Sasa nipe Tanga, anasema yule mtu. Naitazama miji yangu miwili ilivyobanwa kwapani mwake, namfikiria mtoto ndani ya kioo na kioo ndani ya mji, na nasema sitoi mji. Asiyetoa mji hapewi jibu, anasema. Basi nitalifuata kwa miguu yangu, namwambia, nampita begani, naenda.

Barabara haiishi, nami siishi kutembea. Inapanda palipokuwa pameshuka, inanirudisha kwenye jiwe nililokwisha kuliruka, naliruka tena, nalitukana, naendelea. Mashamba ya kandoni yanazidi kukauka, mahindi yamesimama bila punje, kuku hawasikiki popote, nami naelewa kwamba nimeingia katika mwaka wa njaa. Kwenye mafiga matatu ameketi mwanamke anachemsha viazi vya porini, vile vinavyoloweshwa kwanza sumu itoke, na mapajani amempakata mtoto. Mwanamke huyu ana uso. Ndio uso wa kwanza ninaouona tangu nilale, mifupa imeisukuma ngozi, macho yamezama, lakini ni uso, na kidevu chake ni cha mama yangu. Namwamkia shikamoo, naye anaitika marahaba ingawa kwa umri ningeweza kumzaa. Namwuliza mtoto anaitwa nani. Mashavu, anasema. Namfunua mtoto nimtazame, na huyo Mashavu hana shavu hata moja, ni ngozi na macho, kama yule wetu wa kwenye kioo. Hasira inanipanda na huruma pamoja. Mama, namwambia, hukuogopa watu watakucheka? Walinicheka, anasema huku akikoroga. Mwaka mzima hakuna aliyecheka hapa, na siku ile walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha ananieleza kwamba kesho yake wakaanza kupita wakimwita, na kila aliyemwita alimtazama mtoto na kuona haya. Mmoja akarudi na gao la mtama, kiganja kimoja tu, aliloficha darini. Jirani mwenye maziwa akampa titi upande mmoja, wa mwanawe akauacha. Wewe niambie, anasema, nani atamwita mtoto Mashavu, amwone alivyo, kisha apite mikono mitupu? Nilimpa jina la ninachomtakia, nikawaachia wao kazi ya kulitimiza. Nageuka na kumpigia kelele yule mtu asiye na uso, kumbe yuko nyuma yangu, kwamba mti wake nimeupata, ni Mashavu. Umepata, anasema kwa unyonge, anainua mkono, na miji yangu inadondoka kutoka kwapani mwake, Pangani inatua sawasawa, Muheza inatua upande upande.

Benchi ni fupi. Nesi amesimama mbele yangu, kofia juu, barakoa chini, ananiambia karatasi ya mtoto imelowa, ameitoa, sasa aandike nani. Naingia naye ndani. Shabani anafumbua mdomo, namwambia ukiniambia ningoje tutagombana. Andika Mashavu, namwambia nesi. Aziza anageuka kutoka ukutani taratibu, anatazama kioo, anatazama kile kitoto chake. Mashavu, anasema, kwa mashavu yapi, wifi? Na anacheka. Anacheka akishika mshono wa tumboni, anacheka machozi yakimtoka, na Shabani naye anacheka akilia, kisha Aziza anajifuta kwa ncha ya kanga na kuomba kile kikombe cha kukamulia maziwa. Mama yake ananyanyuka, anakwenda kumtafutia uji wa pilipili manga. Nesi anaandika jina juu ya kioo chenyewe kwa kalamu nene, nami nimesimama ng'ambo, nalisoma kinyumenyume kama maandishi ya madukani kule Pangani, na kati ya kofia na barakoa ya nesi, kati ya macho na kanga za kifuani mwa Aziza, natafuta alama ya kuniambia niko upande upi wa kioo, na sipati. Kama nimeamka, vyema. Kama bado nimelala, mji huu sitoi. Nainama karibu na yule mtoto, naita Mashavu kwa sauti ya uwanjani, na Aziza, kikombe mkononi, anamwitikia mwanawe: abee.