Yatima Ambaye Mama Yake Yuko Jikoni

Mtu aliyekuja kumchukua mjukuu wangu hakuvunja mlango. Alipiga hodi, akavua kofia, akaniuliza habari za mguu wangu wa kushoto, ule unaonisumbua wakati wa mvua.

"Mukecuru, ule muguu unaendelea aje?"

Mukecuru, yaani bibi kizee: nikajua ni mtu wetu. Huku Rubona mgeni hatumtambui kwa sura. Miaka ya kukimbia ilitutawanya sana, hata ndugu wa tumbo moja wanaweza kupitana sokoni bila kujuana. Tunauliza: we ni wa kwa nani? Ukiwataja watu wetu vizuri, basi umeingia, kiti chako kipo.

Huyu aliwataja wote. Alimtaja mwanangu Nsengiyumva, marehemu, kwamba alikuwa mwashi na alifia Goma. Alimtaja Verediane, mtoto wa Nsengiyumva, na kovu la moto kwenye mkono wake, na wimbo anaoupenda, na ile njia ya chini, kando ya ziwa, anayopita peke yake kwenda shule. Akasema yeye anaitwa Onésphore, alijenga nyumba nyingi na mwanangu. Sasa kuna familia moja ya Ulaya inamtaka mtoto ili imsomeshe. Gari linangoja barabarani.

Sikumuuliza zaidi. Mgeni ambaye hajaonja kitu haulizwi. Nikaita jikoni chai iletwe.

"Maskini Verediane," akasema huku akijipangusa macho. "Kupoteza baba, kisha mama naye! Mungu amupumuzishe Béata pahali pazuri. Siku ile tulimuzika nililia mpaka sauti ikakauka."

Béata ni mke wa mwanangu. Kila asubuhi huvuka mpaka kuuza maharage Goma, jioni hurudi. Siku hiyo hakuvuka, alikuwa anafua. Ndiye aliyeingia na birika.

"Mulinizika wapi?" akauliza. "Uniambie, niende kupalilia."

Yule mtu akamtazama, akanitazama mimi. Kisha akatoa karatasi mfukoni, akaisoma haraka haraka, kama mwanafunzi aliyepewa swali ambalo hakulisoma.

"Bon," akasema. "Labda wamekosea. Hapa wameandika..."

"Keti, kunywa," Béata akamwambia, akizidi kumsogelea na lile birika la moto. "Chai ya marehemu haiuwi mutu."

Hakuketi. Alitoka mbio akapanda kilima, na majirani waliokuwa wanaanika sambaza, dagaa wa ziwa letu, wakampigia vigelegele bila kujua sababu. Karatasi ilibaki chini ya kiti.

Ilikuwa na picha ya Verediane akicheka, amevaa sweta la shule. Chini yake maneno ya Kifaransa. Mimi shule niliiacha ningali mdogo, Kifaransa changu ni cha kusalimia tu. Verediane akaja akasoma mwenyewe, kidole juu ya mstari. Alipofika katikati akainua uso.

"Nyogokuru, hapa wameandika mi ni yatima wa baba na mama. Nani aliwaambia mama alikufa?"

"Si mimi, mwanangu."

"Na njia yangu? Kwa nini wameandika njia yangu?"

Hapo tukaelewa. Kuna shirika moja mjini lililompa sweta na kumlipia karo. Mwaka uliopita walimtuma msichana mwenye kamera, mpole, mwenye maswali mengi. Alimuuliza mtoto kila kitu, hata akatembea naye njiani akimpiga picha. Mtu aliyekuvika, utamficha nini?

Kesho yake asubuhi tulikwenda sisi watatu. Mkurugenzi, Bwana Régis, alitupokea kwa adabu. Nikamwekea karatasi mezani, na yeye akafurahi!

"Ah, imetoka muzuri! Hii iko ku enternete, Mukecuru. Mutu wa Ubelgiji, mutu wa Canada, wote wanamuona Verediane."

"Na mutu alikuja jana kumuiba, naye alimuona," nikasema.

Nikamweleza. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Pole sana. Nia yetu ilikuwa nzuri."

"Na mimi mumeniua kwa nia nzuri?" Béata akauliza.

"Madamu, wafadhili wanaguswa zaidi na yatima kamili. Ni namna ya kuandika tu."

"Basi jiandike wewe. Andika mama yako alikufa, leo usiku uone kama utalala."

Nikamwambia aondoe picha na maneno yote. Akasema haiwezekani, mashine inayoshika picha iko Ulaya. Halafu akashusha sauti kama mtu anayembembeleza kuku aingie kikapuni: picha ikitoka, mtoto naye anatoka. Karo hakuna. Daftari hakuna. Sweta hakuna.

Sitasema sikuogopa. Sambaza ninazouza zinatulisha, hazisomeshi. Nilikuwa bado nahesabu nilipomwona Verediane anavua lile sweta. Alilikunja vizuri, mikono ndani, akaliweka juu ya karatasi.

"Nionyeshe hiyo picha," akasema.

Régis akawasha kompyuta ya mezani. Simu inayoiunganisha na Ulaya ikalia kama paka aliyekanyagwa, ikalia tena, kisha picha ikaanza kushuka kwenye kioo polepole: nywele, paji la uso, macho. Verediane akaweka kiganja juu ya kioo, akayafunika macho yale.

"Huyu ni mi. Sikuwaambia muniweke hapa."

"Tutawaandikia wa Ulaya," Régis akasema. "Lakini itachukua siku."

"Nimengoja vita viishe," nikamwambia. "Siku naziweza." Nikavuta kiti, nikakaa katikati ya mlango wake.

Kila aliyekuja ilibidi aniruke mguu, na kila aliyeruka alisalimiwa na Béata: "Karibu. Mi ndiye marehemu." Wengine walicheka. Mukabera, jirani yetu aliyekuja kuchukua madaftari ya mtoto wake, hakucheka. Alisimama akafikiri.

"Na wangu mumemuandika aje?" akamuuliza Régis. "Mi pia nilikufa?"

Mama mwingine nyuma yake akauliza hivyo hivyo, na mwingine. Kelele zilipofika barabarani, Régis akashika simu akapiga Ulaya, akiongea Kifaransa cha mtu anayetoka jasho.

Jioni tulirudi nyumbani. Asubuhi nilikuwa tena pale mlangoni. Na iliyofuata. Watoto wa jirani tukawakusanya waende shule pamoja na Verediane, kwa barabara ya juu yenye watu. Alikwenda bila sweta, na baridi ya asubuhi mnaijua. Béata akaanza kuvusha maharage ya watu wengine juu ya yake, shingo ikamuuma.

Halafu asubuhi moja Régis akaniita ndani nikiwa nimekaa pale mlangoni. Simu ikalia, kioo kikajaa kuanzia juu. Pale palipokuwa na uso wa mjukuu wangu palikuwa peupe. Jina halikuwepo, wala njia.

"Imetoka," akasema. "Lakini Mukecuru, nisikudanganye. Watu wengine waliishaichukua wakaiweka ku mashine zao, hao siwezi kuwafikia. Inaweza kubaki huko mpaka Verediane akuwe mama."

Ni kweli hakuniongopea, na kwa hilo nilimshukuru.

"Hao waje," nikasema. "Watatukuta. Na tutawauliza ni nani aliwatuma, hata wakijua muguu wangu na jina la babu yangu. Chai watakunywa baadaye."

Nilipotoka, Mukabera alikuwa amesimama kwenye ngazi, karatasi yenye picha ya mtoto wake mkononi, hajui aanzie wapi. Nikamsogezea kile kiti mlangoni.

"Kaa," nikamwambia. "Bado kina joto."